Waliozaliwa, Waliobebwa

Ungemuuliza Mama Nzilani ni nani aliyeleta mvua Masinga mwaka ule wa themanini na nne, asingekutajia Mungu kwanza. Angemtaja Mumbua, mtoto wake wa pekee, halafu Mungu angefuata nyuma kama msaidizi. Mtoto alitoka alfajiri, na kabla kitovu hakijakatwa mvua ya kwanza ikaanguka, watu wakamwacha mzazi na mtoto ndani, wakatoka kusimama uwanjani midomo wazi. Hata mkunga, Nzilani husema, alitoka na wembe wake mkononi. Ndipo mtoto akaitwa Mumbua, jina la wasichana wa mvua, na tangu hapo hapajawahi kuwa na harusi wala matanga ambayo mama huyu hakupata mwanya wa kuisimulia hadithi hiyo.

Boma la pili kulikuwa na msichana mwingine wa mwaka huohuo. Yeye alikuja mwezi wa Machi, jua likiwaka na mbuzi wakianguka, akaitwa Wayua. Yua ni njaa, na Wakamba hawana aibu ya kumpa mtoto jina la shida iliyompokea. Wakacheza pamoja, wakasoma darasa moja, na kila walipogombania kitu mtu mzima alisema mwacheni huyo achukue, ni mtoto wa njaa. Labda ndiyo maana Wayua alinenepa. Alikua akawa jitu la mwanamke, anayebeba gunia la mahindi mgongoni huku akiwatania wanaume wanaobeba nusu yake. Juzijuzi tu, akiwa amefika arobaini na watu wakimhesabu kuwa amemaliza kazi ya uzazi, alijifungua binti mzito kama jiwe la kusagia, akamwita Ndinda, yaani aliyekawia, akamfunga mgongoni na kurudi shambani.

Huyo mwingine, wa mvua, alikuwa amechakaa. Hakuna lugha nzuri ya kulisema jambo hilo. Hedhi ilimkatika akiwa na miaka thelathini na minane, kabla hajapata mtoto hata mmoja, na mumewe akaenda Athi River kutafuta kazi ya kiwandani akasahau njia ya kurudi. Miwani alivaa mapema, presha ilimshika mapema, na asubuhi magoti yake yalilia kama bawaba za mlango wa kanisa. Watu walitikisa vichwa. Wa mvua, walisema, na ndiye anayeonekana kama shangazi yake Wayua. Mama Nzilani alikasirika mtu akilisema hilo mbele yake, akajibu kwamba binti yake anafanya kazi nyingi ya kuwatembelea wagonjwa. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa Mumbua alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, naye alitembea mno.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Daktari Wendy.

Daktari Wendy si daktari wa sindano. Ni mtafiti, msichana wa Syokimau mwenye jina la baba la Kikamba na ulimi usiojua Kikamba hata cha kuombea maji. Alikuja na gari la chuo kikuu na sanduku la barafu, akitafuta watu ambao mama zao waliwabeba tumboni katika njaa ya themanini na nne. Alimweleza Mumbua kwamba kila mtu ana umri aina mbili: ule wa kitambulisho, na ule wa mwili wenyewe, ambao siku hizi husomwa ndani ya damu. Wengine mwili huenda pole, wengine huenda mbio. Yeye na wenzake walitaka kujua kama njaa ya mama inaweza kuusukuma mwili wa mtoto uanze kuzeeka kabla ya wakati wake.

"Sasa dada, niko na shida moja," alisema. "Watu wengi hapa hawajui tarehe ya kuzaliwa. Nitawapata aje?"

"Majina," Mumbua akamjibu, na akajiona mwerevu. "Tafuta kina Wayua na kina Muyua wa umri wangu. Hao ni wa njaa."

Basi wakawatafuta. Wayua alitoa damu huku akimnyonyesha Ndinda, akauliza kama watamrudishia chupa. Mumbua naye akajitolea kutoa damu yake, akijiweka upande wa pili, upande wa watu wa kulinganishwa nao. Mimi ni wa mvua, alisema. Niweke na wale walioshiba.

Miezi ikapita. Daktari Wendy aliporudi na majibu, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumkalisha Mumbua chini ya kivuli cha gari na kumuuliza alizaliwa mwezi gani hasa. Mumbua akasema Novemba, mvua ilipoanguka. Daktari akaanza kurudi nyuma kwa vidole. Oktoba, Septemba, Agosti. Alipofika Februari akasimamisha kidole.

"Dada, wewe ulibebwa njaa nzima," akasema taratibu. "Kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyu Wayua, wakati anatungwa bado kulikuwa na chakula. Njaa ilimkuta amebaki kidogo tu atoke. Hawa wenye jina la njaa wengi wako hivyo. Wale waliobebwa na njaa ndio walizaliwa na mvua."

Ni jambo ambalo mwanamke yeyote kijijini angelijua kama angekaa chini na kuhesabu, maana mimba haijifichi miezi yake. Hakuna aliyekuwa amehesabu, kwa sababu jina lilikuwa limeshahesabu kwa niaba yao.

"Na damu yangu imesema nini?"

Daktari Wendy alizunguka sana. Alisema kipimo hiki ni cha kundi, kwa mtu mmoja kinaweza kukosea, na kwamba sheria za utafiti hazimruhusu kumwambia. Mumbua akamkazia macho, akamwambia hedhi imeshamjibu na magoti yameshamjibu, kwa hivyo damu itakuwa ya tatu. Daktari akainamisha kichwa. Mwili wako uko mbele ya kitambulisho, akasema. Mbele kwa miaka mingi.

"Na dawa?"

"Bado hakuna. Watu wanatafuta, dada. Pole sana. Bado hakuna."

Mumbua alishangaa kwamba hakujililia. Alimlilia mama yake. Alimwona akilini akisimulia hadithi ya mvua na wembe wa mkunga, alivyokuwa akiisimulia maisha yake yote, na akajua kwamba hadithi hiyo ndiyo mali pekee aliyotoka nayo katika njaa ile. Siku ya Jumamosi kungekuwa na mkutano kanisani wa kuwapa watu majibu. Mama Nzilani angekuja, tena angekaa mbele kwa sababu ya masikio. Na mkalimani angekuwa Mumbua.

*

Kanisa lilijaa. Daktari Wendy alisimama karibu na madhabahu, Mumbua akasimama kando yake. Kwenye benchi la pili alikaa Mama Nzilani na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Nyuma yake alikaa Wayua, Ndinda akiwa amelala titini.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Daktari aliongea Kiingereza kigumu cha chuo, maana Kiswahili chake humwacha njiani akifika kwenye mambo ya damu, na Mumbua akageuza kila sentensi kwa Kikamba. Kuna umri wa kitambulisho na umri wa mwili. Watu wakacheka na kuonyeshana vidole. Njaa za Ukambani kila moja ina jina lake, na ile ya themanini na nne inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Vijana wa viwandani walizituma nyumbani, lakini madukani hakukuwa na unga wa kuzimaliza. Mumbua alipolitaja jina hilo wazee waliguna pamoja, sauti moja nzito.

Kisha Daktari Wendy akasema sentensi yenyewe. Wale waliobebwa na mama zao katika njaa hiyo, miili yao inazeeka haraka kuliko wenzao.

Waliobebwa. Neno lilikuwa pale, likisubiri. Mumbua akamtazama mama yake, aliyekuwa amenyoosha shingo, mkono nyuma ya sikio, akitabasamu kwa fahari ya kumwona binti yake akisimama mahali pa padri. Akafungua mdomo, na kwa Kikamba akasema: wale waliozaliwa katika njaa hiyo.

Kwa Kikamba maneno hayo mawili hayafanani, na ulimi hauwezi kuteleza kutoka kwa moja hadi kwa jingine. Alilichagua. Alijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, kwamba ni neno moja tu, na mama ataenda nyumbani akiwa bado na mvua yake. Uchungu ulipungua kifuani, kama mtu aliyetua mtungi. Hakuangalia ameutua mgongoni mwa nani.

Mzee Nzau akauliza dawa ni ipi. Daktari akajibu kwamba bado hakuna, lakini watu wale vizuri, wapime presha na watembee kila siku. Kanisa zima likacheka. "Tumetembea tangu tuzaliwe," Mzee Nzau akasema, "na hiyo ya kula vizuri hata siku ile tulikuwa tunaijua."

Wayua akasimama.

Alisimama polepole ili asimwamshe mtoto. "Mimi nilizaliwa ndani ya hiyo yua," akasema. "Ndiyo maana naitwa hivi. Huyu Ndinda bado ananyonya. Muulize daktari, nitamlea mpaka lini?"

Mumbua akamtafsiria daktari, na hapo alitafsiri vizuri, neno kwa neno, maana hakuona pa kukimbilia. Daktari Wendy akauliza huyu ndiye yule wa Machi. Halafu akatabasamu, akamtikisia Wayua kichwa kwa upole. Mwambie asiwe na wasiwasi, akasema. Yeye si wa kundi hilo. Njaa ilimgusa mwisho tu, na majibu ya kundi lake ni mazuri. Wanaohusika ni wale waliotungwa na kubebwa njaa ikiwa imekolea, wale waliozaliwa mvua iliporudi.

Watu wakamgeukia Mumbua wakingoja.

Alikuwa na maneno yote. Alikuwa nayo mdomoni, mazima, yangemtoa rafiki yake katika shimo kwa pumzi moja, na kila alipoyasukuma yalifika kwenye meno yakarudi. Mbele yake alikuwa mama yake na mkono nyuma ya sikio. Aliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Aliogopa kuliko siku mumewe alipoondoka.

"Daktari anasema," akasema, "ule vizuri, na upime presha."

Wayua akaketi. Akamvuta mtoto karibu zaidi, akamfunika kwa kanga, akatazama sakafu. Lile jitu la mwanamke likawa dogo pale kwenye benchi. Mama Nzilani akageuka, akamshika mkono, akamwambia pole mwanangu, pole sana, Mungu yupo. Na Daktari Wendy, asiyejua kitu, akafurahi kuona jinsi watu wa kwao walivyo na huruma.

*

Walipofika nyumbani Mama Nzilani alipuliza moto, akateleka muthokoi, akaketi kwenye kigoda chake akitazama maharagwe yakipanda na kushuka na mahindi.

"Yule daktari alitabasamu," akasema.

"Lini, mwaitu?" Mumbua akamuuliza mama yake.

"Wayua alipouliza. Alitabasamu akamtikisia kichwa. Hakuna mtu anayepeleka habari za kifo na meno nje." Akachochea kuni. "Alisema nini, Mumbua?"

"Nimeshasema alichosema."

"Sikio ndilo limekufa. Macho hayajafa."

Mumbua akaanza kutafuta uongo mwingine, akaukosa. Mwalimu wao wa Kiswahili alizoea kumtania kwa jina lake kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na darasa zima lilicheka, yeye pia. Sasa alikaa mbele ya mama yake mikono mapajani, macho kwenye moto, na hilo likawa ndilo jibu.

Mama Nzilani hakulia. Alianza kusimulia, lakini haikuwa ile hadithi ya siku zote.

"Mamake Wayua alikuwa bado na mahindi kwa ghala, mimba yake ikianza. Mimi yangu ilianza na ghala nimefagia. Baba yako alituma pesa kutoka Athi River. Nilizifunga kwa leso hapa." Akagusa kiunoni. "Nilikuwa natembea nazo mpaka Kangundo, narudi nazo. Kulikuwa na siku nilichemsha ngozi ya kiti. Baadaye walileta mahindi ya manjano ya msaada, lakini hapo wewe ulikuwa karibu kutoka. Nikw'a ngwete. Watu wanasema ni pesa tulikuwa tumeshika, mwana wakwa. Mimi nilikuwa nimekushika wewe."

"Mwaitu, hukufanya makosa."

"Najua sikufanya. Kwani hapo niliweza kufanya nini?" Akasubiri kana kwamba angependa kweli kuambiwa. Hata kitabu kitakachoandikwa na watu wa chuo hakitakuwa na jibu la hilo. "Hiyo miezi yote nilijua wewe unakula mimi. Nilikuwa nasema sawa, akule, ataishi. Sikujua na wewe ulikuwa unalipa."

Moto ukalia. Kisha mama akampungia mkono mlangoni. "Nenda kwa Wayua. Mwambie saa hii. Huwezi kumwacha mtoto wa watu alale na mzigo wetu."

Jua lilikuwa bado juu ya bwawa la Masinga Mumbua alipofika. Wayua alikuwa uani, akikunja nguo ndogondogo za Ndinda na kuzipanga ndani ya kikapu chake cha kyondo. Alikuwa ameshampigia dadaye wa Kangundo. Amekubali kumlea Ndinda, akasema, siku ikifika. Ni vizuri mtoto amzoee mapema.

Mumbua akamwambia yote. Neno alilobadilisha, sababu yake, tabasamu la daktari, Machi na Novemba. "Si wewe," akasema. "Ni mimi. Wewe uko sawa, damu yako ni nzuri kuliko ya watu wote."

Wayua akamsikiliza mpaka mwisho, akamwangalia kwa upendo mwingi. Upendo huo ndio uliomtisha Mumbua.

"Toka utotoni mnaniachia kitu nichukue," Wayua akasema. "Ati mtoto wa njaa. Leo unataka kuniachia mpaka mvua yako."

"Wayua, si kukubembeleza. Nilidanganya kanisani!"

"Wewe? Kanisani?" Akacheka kidogo. "Hujui kudanganya."

Mumbua akatoa simu, akampigia Daktari Wendy, ambaye alikuwa ameshafika barabara ya kwenda Nairobi. Daktari alipoelewa alipiga kelele, halafu akaomba kuzungumza na Wayua, akamweleza kwa Kiswahili chake cha Syokimau, taratibu, mara mbili. Wayua akaitikia ndiyo daktari, ndiyo, asante. Akarudisha simu.

"Umemwambia aseme hivyo," akasema. "Mbona hakusema mbele ya watu? Mbele ya watu alisema nipime presha. Wewe mwenyewe ndiye ulitafsiri." Akaweka sweta ndogo juu ya kyondo, akaikunja tena ingawa ilikuwa imekunjwa. "Mumbua, acha. Jina langu linanijua."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mumbua aliketi pale uani karibu naye, magoti yakimuuma, akasema tena na tena maneno yaleyale ya kweli, na kila alipoyasema Wayua alizidi kumpenda na kuzidi kutoyaamini. Mwishowe Ndinda akaamka akalia, na mama yake akaenda kumchukua. Akambeba juu juu kwa mkono mmoja, bila hata kukaza mshipa, akamkalisha kiunoni. Mumbua akamtazama mwanamke huyo mwenye afya ya ng'ombe akimuaga mtoto wake polepole, bado miaka mingi, na hakuweza kufanya lolote.

Alirudi nyumbani. Mama hakumuuliza. Alimwona uso, akageukia chungu, akachukua sahani kubwa, ile ya wageni, akaanza kupakua. Alipakua muthokoi mpaka ukafika ukingoni, akaushindilia kwa mgongo wa mwiko, akapakua tena juu yake. Mumbua akasema imetosha, mwaitu, nimeshiba hata kabla ya kula. Mama hakusikia, au sikio halikutaka. Akamwekea sahani magotini, akamkalia mbele, macho kwenye mdomo wake.

Mumbua akala. Akala mpaka njaa ikaisha, akaendelea, kila tonge likipanda mlima kushuka kooni, maana hakuna kingine ambacho mmoja wao angeweza kumfanyia mwenzake. Sahani ilipofika nusu mama akainuka, akachota mwiko mwingine kutoka chunguni, akaumimina juu.

"Kula, mwana wakwa," akasema. "Sasa chakula kiko."